Zawadi za mtoto mchanga: Orodha nzuri huanzia kwa mama, si dukani

KUTOA ni moyo, usambe ni utajiri. Ndivyo walivyonena wahenga, na ndivyo wanavyoamini wanawake wanaokusanyika siku hizi kumtunza mwenzao anayekaribia kujifungua. Lakini moyo wa kutoa peke yake hautoshi iwapo kinachotolewa hakitatumika.

Sherehe hiyo, ambayo mijini imezoeleka kwa jina la 'bebi shawa', ilianza kusikika zaidi katika majiji kama Dar es Salaam na Arusha kabla ya kusambaa katika miji midogo. Leo si ajabu kuikuta hata katika maeneo ya Karatu, ambako watumishi wa umma, wafanyabiashara na wafanyakazi wa hoteli za kitalii wana ndugu na marafiki walioenea nchi nzima.

Aghalabu mambo huwa hivi: mama mtarajiwa anaishi Rhotia, dada zake wapo Arusha na Dar es Salaam, wafanyakazi wenzake wa zamani wapo Moshi. Kila mmoja ananunua anachokiona kizuri dukani na kukituma kwa basi. Mwisho wa siku mama anajikuta na mabeseni manne ya kuogeshea, nguo kadhaa za mtoto wa siku moja na chupa za kunyonyeshea asizozihitaji, huku nauli ya kwenda hospitali ikiwa bado haijapatikana.

Tatizo hilo halitokani na uchoyo. Linatokana na kutoulizana. Ndiyo maana orodha ya zawadi, ikiandaliwa kwa busara, inaweza kugeuza sherehe ya saa tatu kuwa msaada wa miezi sita.

Kutoka kumwona mzazi hadi 'bebi shawa'

Desturi ya kumsaidia mzazi si ngeni nchini. Kabla ya sherehe za kisasa, wanawake walikwenda kumwona mzazi baada ya mtoto kuzaliwa, wakiwa wamebeba unga wa uji, sukari, sabuni, maziwa au kanga. Wengine hawakubeba kitu, bali walifua nguo, waliteka maji na kupika.

Tofauti kubwa iliyoletwa na sherehe mpya ni wakati. Zawadi ambazo zamani zilikuja baada ya mtoto kuonekana, sasa zinakuja kabla. Jambo hilo lina faida, kwa kuwa vitu vingine vinahitajika saa ileile ya kujifungua. Hata hivyo, limezua mvutano katika baadhi ya familia.

Wapo wazee wasiopenda mtoto anunuliwe nguo wala kutajwa sana kabla hajazaliwa, wakihofia kumtabiria mabaya. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa, kwani imezaliwa na kumbukumbu ya nyumba zilizowahi kuandaa kitanda kikabaki kitupu.

Kwa familia yenye msimamo huo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukusanya fedha na ahadi kabla, kisha vitu vikanunuliwa mtoto akishazaliwa. Ya pili ni kutenganisha zawadi: zile za mama na za safari ya hospitali zitolewe mapema, na za mtoto zihifadhiwe kwa shangazi au jirani hadi siku ya kumwona mzazi.

Je, kuomba zawadi ni aibu?

Wengine wanaona haya kutoa orodha. Husema kwamba mpewa hachagui, na kwamba kutaja unachokitaka ni kumpangia mgeni matumizi yake.

Hoja hiyo ina uzito pale orodha inapogeuka kuwa ankara, yenye vitu vya bei kubwa tu na maneno ya kumlazimisha mtu. Lakini orodha yenye vitu vya bei zote humsaidia mtoaji. Mwenye shilingi elfu tano anajua mahali pa kuziweka, na mwenye laki moja pia anajua.

Utaratibu wa kuandikisha zawadi zinazohitajika si mpya duniani. Duka la Marshall Field's la Chicago, nchini Marekani, lilianza kuwaandikishia maharusi zawadi wanazozitaka mwaka 1924. Baadaye mtindo huo ulihamia kwa wanaotarajia watoto.

Mfano wenye mafunzo zaidi unatoka Finland. Mwaka 1938 nchi hiyo ilianza kuwapa mama wenye kipato kidogo sanduku lenye mahitaji ya mtoto mchanga, na kuanzia mwaka 1949 mama wote wakastahili kulipata. Sharti lilikuwa mama ahudhurie kliniki kabla ya mwezi wa nne wa ujauzito kumalizika. Ndani yake zimo nguo na mablanketi, na sanduku lenyewe lina godoro dogo, hivyo mtoto anaweza kulala humo.

Kilicho muhimu katika mfano huo ni namna vitu vilivyochaguliwa. Waliopanga sanduku walitazama nchi ya baridi na mtoto asiye na kitu, kisha wakaamua kipi kianze. Swali hilohilo ndilo linalopaswa kuulizwa Rhotia.

Baridi ya Rhotia

Rhotia ipo kandokando ya barabara kuu iendayo Ngorongoro, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kilomita chache kabla ya mji wa Karatu. Ni nyanda za juu zenye udongo mwekundu na mashamba ya mahindi, maharage na ngano. Ndugu anayeishi Dar es Salaam, anayelala na feni usiku kucha, ni rahisi kusahau kwamba Juni hadi Agosti asubuhi za huku huwa na ukungu na baridi kali.

Kwa mtoto mchanga baridi si jambo la kuchukuliwa kimzaha. Mwili wake hupoteza joto haraka, hasa kichwani na anapokuwa na majimaji. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito chini ya kilo 2.5 yumo katika hatari zaidi.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufariki dunia kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kumpa mtoto joto, maziwa ya mama na usafi wa kitovu ni miongoni mwa mambo ya msingi katika kipindi hicho.

Kwa hiyo, vitu vya kwanza katika orodha ya mama wa Rhotia ni kofia za kufunika masikio, soksi, fulana za mikono mirefu, shali na mablanketi mepesi yanayoweza kuvalishwa moja juu ya lingine. Blanketi moja zito la kifahari halifai kama mawili mepesi, maana moja likilowa jingine hubaki.

Aidha, mama naye anahitaji sweta au gauni linalofunguka mbele, ili aweze kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo ianze mara moja baada ya kuzaliwa kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo.

Shirika hilo linashauri pia mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Beseni la kuogeshea, ambalo huwa la kwanza kununuliwa, kumbe si la haraka hivyo, na moja linatosha.

Jambo jingine la kuzingatia ni jiko la mkaa. Baadhi ya familia huliingiza chumbani ili kumpasha mtoto joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua mama na mtoto wakiwa usingizini. Zawadi ya mablanketi mawili ya ziada inaweza kuondoa kabisa kishawishi hicho.

Ukubwa wa nguo na hesabu ya miezi

Wageni wengi hununua nguo ndogo kuliko zote kwa sababu zinapendeza machoni. Matokeo yake, mtoto hufikisha miezi mitatu akiwa na sanduku la nguo zisizomwingia na hana hata moja ya kuvaa.

Orodha nzuri hutaja ukubwa. Nguo sita au nane za mtoto anayezaliwa zinatosha. Zilizobaki ziwe za miezi mitatu hadi sita, na za miezi sita hadi 12. Hesabu iendane na majira. Mtoto atakayezaliwa Desemba atakuwa na miezi sita Juni, hivyo sweta lake liwe la miezi sita au zaidi.

Nepi nazo zina hesabu yake. Za kutupa ni rahisi kutumia safarini na usiku, lakini fedha yake haina mwisho. Za kitambaa hudumu, ila katika siku za ukungu huchukua muda mrefu kukauka. Anayetegemea dazeni moja atakwama. Dazeni mbili, pamoja na ndoo yenye mfuniko na sabuni ya kufulia, zitampa nafasi.

Nguo za mitumba hazina ubaya wowote. Katika mnada wa Karatu na masoko ya Arusha zinapatikana zilizo imara na za bei nafuu. Zinachohitaji ni kufuliwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi kabla ya kumgusa mtoto. Mwandaaji wa orodha aandike wazi kuwa zinakubaliwa, ili asiye na uwezo wa kununua mpya asijione mnyonge.

Mkoba wa hospitali na safari

Sera ya nchi inataka huduma za wajawazito zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo, vifaa huweza kupungua, na ni kawaida kwa mama kushauriwa kliniki aje amejiandaa.

Vitu vinavyotajwa mara kwa mara ni mpira wa kutandika kitandani, glavu, pamba, wembe mpya, vibana kitovu, pedi, kanga au vitenge safi, beseni na chupa ya chai. Vyote hivyo kwa pamoja vina gharama ndogo kuliko keki ya sherehe, lakini mara nyingi haviandikwi katika orodha kwa kuwa havipendezi kufungwa kwa karatasi ya kumetameta.

Kinachofaa ni mama aulize katika kituo anachohudhuria, kiwe Kituo cha Afya Rhotia au hospitali iliyopo Karatu, ili apewe orodha ya kituo hicho. Kisha marafiki wawili au watatu wachukue jukumu la mkoba mzima.

Safari nayo ni zawadi. Kutoka barabara kuu hadi Karatu usafiri unapatikana, lakini kutoka vijiji vya ndani usiku wa mvua za masika ni jambo tofauti, kwani udongo mwekundu huteleza na bodaboda humkatalia mjamzito. Fedha ya kukodi gari, ikiwekwa pembeni na isiguswe kwa jambo lingine, inaweza kuwa na thamani kuliko zawadi nyingine zote.

Ni vema pia namba 115 ikaandikwa ukutani. Hiyo ni namba ya bure ya mfumo wa M-mama, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, ambao Serikali ilizindua usambazaji wake nchini mwaka 2022.

Visivyofaa kuombwa

Wataalamu wa afya wanasisitiza kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji wala uji. Mwaka 1981 mataifa yalipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala na chupa. Kwa hiyo, chupa na maziwa ya kopo yasiwe zawadi ya kawaida. Yatumike pale tu mtaalamu wa afya anapoelekeza.

Lipo hata hivyo jambo linalowahusu mama walioajiriwa, wakiwemo wa hoteli za kitalii za Karatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 hazifiki miezi mitatu, na miezi sita ya kunyonyesha haijatimia.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kunyonyesha katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mama anayefanya kazi mbali na nyumbani atanufaika na kifaa cha kukamulia maziwa, vyombo vyenye mifuniko vya kuyahifadhia, na kikombe kidogo cha kumnyweshea mtoto. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa.

Poda nayo hupewa kwa wingi, ilhali vumbi lake likivutwa na mtoto linaweza kumdhuru mapafu. Mto wa kulalia hauhitajiki, kwa sababu mtoto mchanga hulala salama zaidi chali juu ya godoro gumu kiasi, bila mito wala midoli karibu na uso wake.

Kigari cha kujifunzia kutembea ni kingine cha kuepuka. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kutokana na ajali za watoto. Na kigari cha kusukuma, kinachopendeza katika barabara za lami, hakina kazi kubwa katika njia za Rhotia zenye matope na makorongo. Mbeleko imara ya kitenge humfikisha mtoto popote, tena ikimpa joto la mgongo wa mama.

Kuhusu chandarua chenye dawa, wajawazito hupatiwa kliniki. Ni busara kuuliza kwanza kama mama ameshapata, kabla ya wageni watatu kuleta vitatu.

Asisahauliwe mama

Kasoro kubwa ya sherehe nyingi ni kwamba mama hutunzwa kwa jina tu, huku kila kifurushi kikiwa cha mtoto. Lakini mtoto wa miezi sita ya mwanzo anakula kile mwili wa mama unachotengeneza.

Maharage, mayai, dagaa, unga wa lishe, karanga na maziwa ni zawadi. Mkataba na jirani mwenye ng'ombe wa kumletea mzazi lita moja ya maziwa kila siku kwa mwezi mzima, uliolipiwa na marafiki watatu walioko mjini, ni zawadi isiyohitaji hata kusafirishwa.

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita ni mfano mwingine. Unamwondolea mzazi moshi na kazi ya kutafuta kuni, na uji wa usiku unapikika kwa dakika chache. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Sherehe ya kumtunza mama ni mahali pazuri pa kuanzia. Taa ya sola nayo humwezesha kumtazama mtoto usiku umeme unapokatika.

Zaidi ya yote kuna nguvu za mikono. Mtoto akizaliwa wakati wa palizi au mavuno, mzazi husukumwa kurudi shambani kabla hajapata nafuu. Orodha inaweza kuwa na mstari unaosema: kufua Jumatano, kuteka maji Ijumaa, kukaa na watoto wakubwa Jumamosi, kupalilia nusu ekari. Asiye na shilingi ana siku, na siku yake ni ya thamani.

Fedha taslimu na akiba

Walio mbali wengi hupendelea kutuma fedha kwa simu. Ni njia nzuri, mradi ipangiwe kazi mapema. Fedha isiyo na jina huishia katika sukari ya wageni.

Yapo mafungu matatu yanayofaa: usafiri wa dharura, chakula cha mzazi, na akiba ya mtoto. Benki kadhaa nchini zina akaunti za watoto, na UTT AMIS inaendesha Mfuko wa Watoto ulioanza mwaka 2008. Vilevile, kufuatia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ndugu wanaweza kuuliza katika ofisi za NHIF kuhusu kifurushi kinachomfaa mtoto na familia, kisha wakachangia ada yake kwa pamoja.

Namna ya kuandaa orodha

Hatua ya kwanza ni mama mwenyewe kukagua alichonacho. Aliyewahi kuzaa pengine ana mablanketi, na dada yake anaweza kumwazima kitanda.

Hatua ya pili ni kugawa mahitaji katika makundi matatu ya bei: vitu vidogo kama sabuni na soksi, vya kati kama nepi na mkoba wa hospitali, na vikubwa vya kuchangia pamoja kama mtungi wa gesi.

Tatu, achaguliwe mtu mmoja mwaminifu wa kuitunza orodha, ambaye si mama mtarajiwa. Yeye ndiye atakayefuta kilichokwishachukuliwa, ili pasiwepo mabeseni manne, na ndiye atakayepokea fedha na kutoa hesabu yake mbele ya waliochanga.

Nne, ukubwa wa nguo na tarehe ya matarajio viandikwe wazi. Na tano, sherehe ifanyike mapema kidogo, mathalani mwezi wa saba wa ujauzito, kwani wapo watoto wasiosubiri tarehe.

Mwisho, waandaaji waweke wazi ni kiasi gani kinakwenda kwenye sare, mapambo na chakula, na ni kiasi gani kinamfikia mama. Si lazima furaha iondolewe. Chai, maandazi na nyimbo uani kwa mtu vinatosha kuifanya siku iwe ya kukumbukwa, na fedha ya ukumbi ikawa lita 30 za maziwa.

Wageni wataondoka na mapambo yatashushwa siku hiyohiyo. Kitakachobaki na mama, usiku wa ukungu mtoto anapolia saa tisa, ni blanketi kavu, mwanga wa taa, uji wa moto na uhakika kwamba kesho kuna mtu atakuja kufua.